Niliinuka Ubani Ulipopita

Ibra, mkesha wa safari yako

Zuwena mwanangu,

Mambo ya koti, ya pasipoti, ya kupiga simu kila Ijumaa na ya kutokula kitu usichokijua, mama yako amekwisha kukuambia, na Shangazi Rayya amekuongezea yake. Mimi sina la kuzidisha hapo. Sanduku lako liko mlangoni, nimelifunga kamba mwenyewe. Nimekaa pale pale ninapokaa kila siku kuandika shajara yangu, lakini leo shajara nimeiacha imefungwa. Leo nakuandikia wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu cha kuandika ni cha ofisini, cha "tumepokea barua yenu", na nikikitumia kwa jambo hili nitajificha nyuma yake. Kiswahili ndicho alichonisemesha mama yangu, na ndicho nilichosomea Tabora kabla hatujahamia huku Uarabuni. Ukikwama pahala, soma kwa sauti, utamsikia bibi yako.

Jambo lenyewe ni lile ulilolisema juzi, jamaa walipokuja kukuaga uende zako chuoni. Shangazi Rayya alikuuliza mbele ya watu wote, "Haya, mama, na hao watu wa Nimsa wakikualika kwenye Krismasi yao utafanyaje?" Nawe ukajibu papo hapo, "Nitainuka niondoke, kama Baba." Wanawake wakapiga vigelegele. Humaid, aliyekuja kutoka Sur kule pwani na samaki wake kwenye barafu, akanipiga begani: "Huyo ndiye binti yako, bwana we!" Kila mtu akacheka. Mimi nikakiangalia kikombe cha kahawa mpaka mama yako akaniuliza kama kimeingia nzi.

Kisa hicho umekisikia tangu utoto. Baba alipelekwa Austria, hiyo Nimsa ya Shangazi, kusoma mambo ya pampu, Wazungu wakamwalika kwenye sikukuu yao, wakamwekea nguruwe mbele yake, naye akasimama, akawaachia chakula chao, akatoka kwenye theluji. Umekisikia kwa Humaid, umekisikia kwa wajomba zako, na kaka zako wamekisikia kwenye sabla, wanapokaa wanaume wa mtaa huu. Kwangu hukukisikia hata mara moja. Lakini pia hukunisikia nikikikanusha.

Hakukuwa na nguruwe, Zuwena.

Wewe wakati huo ulikuwa hujaanza kusema vizuri. Mimi na Humaid tulikuwa mafundi wa idara ya maji, tukapelekwa kwenye kiwanda kinachotengeneza pampu zetu, katika kijiji kimoja kilichobanwa kati ya milima miwili. Tulipewa vyumba juu ya duka la mkate. Theluji ilianza, na mwanzoni tulifurahi kama watoto, Humaid akajipiga picha amekaa ndani yake na kanzu. Baada ya hapo tukaichoka. Jua lilitoka kwa saa chache, likajificha nyuma ya mlima kama mtu anayedaiwa.

Desemba ilipoingia kijiji kikabadilika. Waliweka duara la majani ya msonobari dukani kwa mwoka mkate, na kila Jumapili waliwasha mshumaa mmoja zaidi. Kisha jioni moja vijana wakavaa ngozi za mbuzi na vinyago vya pembe, kengele kubwa viunoni, wakapita njiani wakiwafukuza watu kwa fimbo. Ni mchezo wao wa kila mwaka, wanawatisha watoto watukutu kabla ya sikukuu. Sisi hatukuwa tumeambiwa. Humaid alikuwa ametoka kununua maziwa. Alirudi mbio bila maziwa, akafunga mlango, akasoma Ayatul Kursi, halafu akaniambia, "Wallahi, Saidi, mashetani wa nchi hii wanavaa viatu." Kisa hiki Humaid hakihadithii. Ukimkumbusha atakasirika, kwa hivyo mkumbushe.

Mwalimu wetu kiwandani aliitwa Franz. Mtu mrefu, mtaratibu, Kiingereza chake cha vitabuni kama changu. Aliishi na mama yake, Bi Rosa, kwenye nyumba ya mbao yenye zizi la ng'ombe ubavuni. Siku chache kabla ya sikukuu alitwambia, "Mama anasema usiku ule mtu hakai peke yake. Njooni kwetu." Siku ilipofika Humaid alikuwa na mafua, pua nyekundu kama pilipili, nikaenda peke yangu.

Nilipokelewa vizuri kuliko nilivyostahili. Bi Rosa alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa ya kazi. Hakujua Kiingereza hata neno, basi alikuwa akisema kwa lugha yake na kucheka, nami najibu kwa Kiswahili na kucheka, Franz katikati anachoka. Akanikalisha karibu na jiko. Akaleta kahawa na biskuti zenye umbo la mwezi mchanga zilizomwagiwa sukari. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umefungwa, na kila nikiutazama Bi Rosa alitikisa kidole na kucheka. Nikadhani ni chumba cha wanawake. Nikageuza kiti nisiuelekee.

Sasa sikiliza vizuri.

Tulipokwisha kunywa kahawa, Franz alifungua jiko, akatoa makaa mekundu akayatia kwenye kikaango cha chuma chenye mpini mrefu. Bi Rosa akafungua kopo, akatoa vipande vya njano, akavidondosha juu ya makaa. Harufu ilipopanda moyo wangu ulishtuka. Ulikuwa ubani. Ubani wetu huu, mwanangu, ninaousikia kila magharibi ukitoka kwenye kila nyumba ya Ibra. Macho yalinijaa machozi, na sikuona haya kwa hilo.

Na wewe unajua kwetu mambo yanavyokwenda. Mgeni hupewa halwa na kahawa, wakazungumza, na mwisho kabisa hupita chetezo cha ubani. Mgeni hujifukiza ndevu na nguo, akasimama, akaaga. Hujapata kumwona mtu amebaki kitako sebuleni kwetu baada ya chetezo kupita, na kama angebaki, Shangazi Rayya angelisema jambo hilo mwaka mzima. Nilikuwa nimekula vitamu, nimekunywa kahawa, na ubani ulikuwa mbele yangu. Nikajifukiza kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa. Nikainuka. Nikaweka mkono kifuani.

Bi Rosa alikuwa amekishika kile kikaango, amenielekezea mpini, uso wake unang'aa, anasema maneno mengi. Nikaona ananiaga. Nikamwinamia.

Franz akaniuliza, "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Ahsanteni sana, mmenikirimu."

"Kaa. Tafadhali, kaa."

"Hapana, mmenitosheleza."

"Lakini kaa!"

Hilo nalo unalijua. Mwenye nyumba wa kwetu lazima aseme kaa, hata kama amechoka anataka kulala, na mgeni lazima akatae. Kila alivyozidi kunisihi ndivyo nilivyozidi kukataa kwa adabu. Nilivaa koti huku nikiwasifu moyoni, nikisema watu hawa wana heshima kama zetu. Nilipogeuka mlangoni Bi Rosa alikuwa bado amesimama pale pale na moshi wake, na uso ule haukuwa uking'aa tena. Niliuona. Nikajiambia ni huzuni ya kuagana.

Nikateremka njia ya kijiji. Taa zote zilikuwa zimewashwa na mapazia hayajafungwa. Kwenye nyumba ya kwanza nikaona mwanamume amebeba kikaango cha moshi, watoto wanamfuata chumba hadi chumba wakiomba. Kwenye nyumba ya pili hivyo hivyo. Nyumba nyingine walikuwa wakitoka zizini, babu mbele na moshi wake, mjukuu nyuma ameshika taa. Nikasimama kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe, maji yameganda. Na nikiwa pale nikawaona wale wa nyumba ya kwanza wamemaliza kufukiza. Wakakiweka kikaango chini. Wakakaa mezani. Chakula ndiyo kwanza kikaletwa.

Hapo nikafahamu. Kwao moshi ndio mwanzo. Mimi nilikuwa nimeondoka kabla sijafika.

Nyumba ya Franz ilikuwa bado inaonekana kutoka pale, na taa yake. Ningeligeuka, ningelibisha hodi, ningelisema, kwetu ubani ukipita mgeni huondoka, nisameheni. Nina hakika wangelicheka mpaka ng'ombe wakasikia, na mimi ningelicheka nao, na hadi leo tungelikuwa tunaandikiana. Lakini nilijiona. Mtu wa utaratibu, mtu anayeandika kila siku alichokifanya, amekula biskuti akadhani amekula karamu. Nikaona vile watakavyonicheka, sikuona kitu kingine. Nikavuta kofia masikioni nikaenda zangu.

Humaid alikuwa amejifunga blanketi anakaanga mayai. "Mbona mapema hivi? Wamekuwekea nguruwe nini?"

Nilikuwa nimeinama navua viatu. Nikasema, "We acha tu."

"Nilijua! Nilijua mimi! Ukainuka?"

"Nikainuka."

Neno hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka kwa wepesi. Akanitilia mayai kwenye sahani yake, akanitazama kama mtu aliyetoka vitani. Katika shajara niliandika kwamba theluji ilikuwa nyingi na nimelala mapema. Hayo tu. Kitabu kile nimekitumia miaka yote kujihakikishia kuwa mimi ni mtu mkweli.

Kazi ilipofunguliwa Franz alinijia kwenye mashine yangu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Akasema, "Mama ananiuliza kila siku, tulikukosea nini?" Halafu akaniambia ambayo sikuyajua. Usiku ule tangu enzi za babu yake walikuwa wakila soseji za nguruwe. Mwaka ule Bi Rosa alikwenda kumuuliza daktari wa kijiji Mwislamu anakula nini, akaziacha soseji, akamtuma mtu amvulie samaki wa mtoni. Na aliwaambia majirani zake kwamba safari hii kikaango cha nyumba yake atakishika mtu wa nchi ya ubani wenyewe, kwa sababu wao wanaamini ubani ulipelekwa kutoka mashariki kama zawadi alipozaliwa Nabii Isa. Ule mpini alionielekezea, alikuwa ananipa.

Labda ningeliupokea, labda nisingeliupokea. Ningeweza kumwambia, Bi Rosa, chakula chako nitakula na kwako nitakaa, lakini hili la kuzunguka na kuomba ni lenu, nitasubiri hapa karibu na jiko. Asingelikasirika. Hiyo ingekuwa dini, na nisingekuwa na cha kuficha. Lakini Franz alisimama mbele yangu anangoja, na mimi nikachagua neno ambalo nilijua hatalijibu.

Nikasema, "Ni dini yangu."

Akasema, "Samahani. Hatukujua. Nitamwambia Mama." Akanishika mkono. Aliniomba radhi, Zuwena. Walioacha chakula cha babu yao kwa ajili yangu ndio walioniomba radhi, nami nikaipokea.

Siku ya kuondoka alinipa mfuko wa karatasi kutoka kwa mama yake. Ni zile soksi za kijivu ulizozikuta kabatini ukaniuliza mbona sizivai na baridi hii. Alikuwa amezifuma kwa ajili ya usiku ule. Zilikuwa kwenye kile chumba kilichofungwa, chini ya mti wao wa Krismasi, zikingoja tumalize kula.

Tuliporudi Humaid akahadithia. Kila alipohadithia nguruwe akanenepa. Pale kwenye sabla nilianza kupewa nafasi ya juu, kijana mdogo kuliko waliokaa chini yangu. Watu waliwaleta watoto wao waliopata nafasi za kusoma nje, "Nenda kwa Saidi akupe nasaha, huyo mtu wa msimamo." Nami niliwapa. Niliongea vizuri sana. Nilijiambia kuwa hakuna aliyeumia, Bi Rosa yuko mbali na hajui Kiarabu wala Kiswahili.

Mpaka ikafika siku ya Sista Lisi.

Sijui kama unamkumbuka kama ninavyomkumbuka. Nesi wa Kihindi wa hospitali, Mkristo, aliyekaa nyumba ya pili na mumewe. Pumu yako ilipokuwa ikikushika utotoni, mama yako hakuwa akimwita mtu mwingine. Alikuwa akija na nywele hazijachanwa, anakukalisha mapajani, anakuhesabia pumzi kwa Kimalayalam, lugha ya kwao, mpaka ulale. Mwaka mmoja wakati wa Krismasi yao alibisha hodi na sahani ya keki imefunikwa kitambaa. Wewe ulikuwa na miaka kama tisa hivi. Ulifungua mlango wewe. Nilikuwa ukumbini nyuma ya pazia, nasoma gazeti, na nilikusikia neno kwa neno.

"Sisi hatuli vya Krismasi. Baba yangu aliinuka mezani kwao akaondoka."

Akasema, kwa kile Kiarabu chake cha hospitalini, "Ni keki tu, binti. Haina kitu kibaya. Nimeweka zabibu, wewe unapenda zabibu."

Ukasema, "Hapana, ahsante," kwa adabu kabisa, kama mimi kwa Franz. Ukafunga mlango.

Nilikuwa na hatua chache tu za kutoka pale. Nilikunja gazeti. Nikalikunjua tena. Ulipokuja ukaniambia ulichofanya, ukangoja nikusifu, na mimi nikakupapasa kichwa. Usiku huo sikula, nikasema tumbo linaniuma. Sista Lisi aliendelea kutusalimia mpaka mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, lakini ndani hakuingia tena, na wewe ulipopata pumu tulikwenda kungoja foleni kama watu wengine. Hukuwa na kosa. Ulikuwa umevaa nguo niliyokushonea mimi.

Sikwambii haya ili uende ukale kila kitu na uingie kila pahala. Dini yako unaijua, umeisoma vizuri kuliko mimi, na ikikuzuia jambo, likatae kwa sauti yako na kwa uso wazi, watu watakuheshimu. Ninachokuomba ni kuwa usiisukume mbele ikujibie pale unapoona haya tu, au umechoka, au umeogopa kuchekwa. Na usipofahamu kitu, uliza. Mimi nilikwenda na adabu za kwetu zimenijaa kichwani, nikadhani zimeenea dunia nzima. Laiti ningeliuliza neno moja, "Sasa inafuata nini?", Franz angelinionyesha meza.

Na utakuwa nchi ile ile. Wakati mwingine nafikiri Mungu amekuchagulia chuo hicho cha hoteli kusudi nishindwe kunyamaza. Usiende kuwatafuta kwa niaba yangu. Hilo deni si lako. Franz nimemwandikia mwenyewe wiki hii, kurasa mbili za Kiingereza, nimezifuta na kuziandika upya, nitazipeleka posta nikirudi kutoka uwanja wa ndege. Bi Rosa alikuwa mzee tangu siku zile, na sidhani barua itamkuta. Hilo nalo ni langu kulibeba. Katika sanduku lako, chini ya viatu, nimetia kopo la ubani mzuri, ule mweupe wa kijani kidogo. Ni wako, mpe yeyote atakayekufungulia mlango wake siku ya baridi. Na soksi za kijivu nimezitia pia. Zivae wewe. Mimi sikuwahi kuweza.

Bado jambo moja, na ndilo lililonikalisha hapa.

Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako cha chai ya alfajiri, uisome kabla jamaa hawajafika, kwa maana nimetaka uisikie kwangu kwanza. Humaid amelala kwa ndugu yake hapa hapa Ibra, naye atakuja. Watakuja wajomba zako na watu wa sabla. Watakunywa kahawa, watakula halwa, halafu Shangazi Rayya atapitisha chetezo akufukize kwa ajili ya safari, na ukishapita moshi, wote watainuka kukutoa mlangoni. Nimekusudia kusema mbele yao wote kama nilivyokuambia wewe hapa. Lakini najijua. Nilisimama kwenye hodhi lile lililoganda na taa ya nyumba ile ninaiona, nikashindwa kugeuka. Nilisimama nyuma ya pazia nikashindwa kuligusa. Nikiachiwa mwenyewe kesho nitasema gari imechelewa, na kila mtu ataondoka na kisa chake.

Basi nakuomba hivi, mwanangu. Chetezo kikishapita, wote wakisimama, wewe usisimame. Kaa. Shangazi atakukaripia, atakuambia si adabu, na ni kweli si adabu. Kaa vivyo hivyo, unitazame. Ukikaa wewe watarudi kukaa na wao, na mimi nitasema.

Baba yako,
Saidi